Chunusi zimenijaa tangu Ramadhan iishe na harusi ni Mfungo Tatu, chakula kinasaidia kweli ama ni porojo?

BintiLangoni:
Assalam aleykum jamani, nauliza kwa wenye kujua. Niko Lamu, miaka 24, na tangu Ramadhan iishe uso wangu sijui niueleze vipi. Mashavuni na kidevuni zimetoka chunusi zile za ndani zinazouma, ukigusa tu machozi, na kwenye paji la uso vipele vidogo vidogo kama mchanga. Sikuwa hivi mimi, hata nikiwa sekondari zilikuwa zinakuja moja mbili na siku zangu halafu zinaenda zake. Sasa harusi inshallah ni Mfungo Tatu mwisho mwisho, nina kama wiki kumi na mbili hivi, na kila anayepita mlangoni ana lake la kusema. Shangazi anasema ni damu chafu ninywe mwarobaini. Mama anasema ni nazi, ati niache samaki wa kupaka mpaka harusi ipite, huu si ni ukatili jamani?? Jirani kasema niache mayai. Rafiki yangu alioko Mombasa ananiuzia poda ya kolajeni, kopo moja bei ya mbuzi. Na kuna duka lina krimu hazina hata maandishi ya kueleweka, muuzaji anasema wiki moja tu nang'aa, hio niliogopa nikatoka.

Chakula changu niseme ukweli. Asubuhi mahamri matatu ama manne na mbaazi, chai ya maziwa ya sukari ya kutosha. Mchana wali wa nazi na samaki. Jioni viazi karai, bhajia, juisi ya ukwaju ama ya embe, usiku tena chai na mkate wa mofa. Ramadhan ndo usiseme, kaimati, vibibi, tambi za sukari, mkate wa sinia, halua, kila siku siku thelathini. Mboga za majani sipendi. Maji nayo si sana manake ya bomba letu yana chumvi hayapiti kooni, nanunua ya chupa nikikumbuka.

Swali ni moja: kuna chakula cha kula ngozi ikae sawa ama ni maneno tu ya watu? Na tafadhali msinitumie namba za kuuza dawa.

mwana_wa_Shela:
Pole sana. Weka picha tuone.

BintiLangoni:
Picha thubutu.

DawaZaAsili_Pwani:
Dada nina mchanganyiko wa mizizi saba unasafisha damu siku 5 ngozi inakuwa kama ya mtoto njoo inboksi

BintiLangoni:
Nimesema nini mwisho pale juu? 🙄

BiMkubwa_Mkomani:
Mwanangu ndoo nikwambiye. Sisi zamani hatukuwa na makopo hayo. Mwari alikuwa akiwekwa ndani, anasingwa kwa singo na liwa, anafukizwa udi, siku ya kutolewa ukimuona uso wamwaga nuru. Chakula chake maziwa, uji, samaki wa siku ile ile kutoka mtoni, matunda. Lakini usije ukadhani ni singo peke yake, maana wasichana wa yeo wanunua singo wapaka usiku huku mkono mmoja umeshika simu mpaka saa nane. Mwari hapiki, hateki mai, hagombani na mtu, hashughulikii kadi wala pesa za ukumbi, analala akashiba usingizi. Nusu ya uzuri ule ni usingizi. Wewe nina hakika hulali.

Na mwambie mamako asisingizie nazi. Nazi tumekula tangu tuna meno hata sasa hatuna.

BintiLangoni:
Hahaha bi mkubwa. Kulala kweli silali, naambiwa nipeleke orodha ya wageni mara tatu kwa siku.

jimu_na_bahari:
Sista mimi niko Malindi nafanya jimu mwaka wa pili. Kata wanga WOTE. Mayai sita asubuhi, poda ya protini ya wei na maziwa mara mbili kwa siku, kuku, basi. Mwili wangu umebadilika mpaka watu hawanijui. Sukari ni sumu.

msusi_wa_Barani:
@jimu_na_bahari na mgongo wako je? Manake vijana wote wa poda wanaokuja kunyolewa kwetu, akivua shati mgongo ni kama grater la nazi

jimu_na_bahari:
Mgongo ni jasho

LisheMalindi:
Wa aleykum salam @BintiLangoni. Kazi yangu ni mambo ya lishe, niko hapa Malindi, si daktari wa ngozi kwa hivyo nitasema ya upande wangu na pale nisipofika nitakwambia uende kwa nani. Itakuwa ndefu, weka chai (bila sukari ikiwezekana).

Tuanze na mamako na nazi. Kuna kisiwa kinaitwa Kitava, huko Papua New Guinea, watu wake chakula chao ni viazi vya kuchimba, matunda, samaki na nazi, nazi ya kila siku kama sisi tu. Watafiti walikaa kule wakaangalia ngozi za watu 1,200, kati yao 300 ni vijana wa miaka 15 hadi 25, yaani ule umri ambao chunusi ndo zinapamba moto, na hawakumpata hata mmoja mwenye chunusi. Ripoti yao ilitoka 2002. Sasa mtu asikimbie kuandika nazi ni dawa ya chunusi, sijasema hivyo, wale watu pia hawakuwa wakila unga mweupe wala sukari ya duka wala soda, na damu ya ukoo wao ni yao. Ila kama nazi na samaki ndo vingekuwa vinaleta chunusi basi kisiwa kile kingekuwa kimejaa. Kwa hivyo samaki wa kupaka endelea naye kwa raha zako.

Kinachoshukiwa zaidi ni sukari na vile vyakula vinavyogeuka sukari haraka tumboni. Mahamri ya unga mweupe, chai ya vijiko vitatu, juisi, soda, sahani ya wali mweupe iliyopanda kama mchanga wa Shela. Ukila hivyo sukari ya damu inapanda kwa kasi, mwili unamwaga insulini kuishusha, na insulini ikiwa juu inaamsha homoni nyengine inaitwa IGF-1. Hizo mbili zikishirikiana zinaziamrisha tezi za mafuta kwenye ngozi zitoe mafuta mengi kuliko haja, na seli za mdomo wa kinyweleo zinazaana mpaka tundu linaziba. Ndani kuna bakteria ambao siku zote wapo hawana neno, lakini tundu likiziba na mafuta yakijaa wanastawi, mwili unapigana nao, ndo pale unapata uvimbe wa ndani unaouma. Na mfululizo wa Ramadhan ulivyoueleza, futari ya kaimati na tambi, usiku wa manane halua, usingizi wa mapande mapande, mimi sishangai.

Ushahidi upo lakini usiukuze. 2007 huko Melbourne walichukua vijana wa kiume 43 wenye chunusi, wakawagawa, kundi moja wakawapa chakula kinachopandisha sukari polepole chenye protini zaidi, kundi la pili wakaendelea na wanga wa kawaida. Wiki 12. Waliobadilisha chakula chunusi zilipungua kuliko wenzao. Zilipungua, hazikuisha. Tena walipungua na uzito kidogo, kwa hivyo huwezi kuapa kwamba ni chakula chenyewe ama ni ule uzito. Ila ona hio hesabu, wiki 12, ndo hizo hizo ulizo nazo wewe. Mtu akikwambia wiki moja anataka pesa yako, ngozi ya juu yenyewe inachukua kama mwezi kujibadilisha.

Sasa kwenye sahani. Mimi siwezi kumwambia mtu wa Lamu aache mahamri, nitatolewa kijijini. Geuza hesabu tu: hamri moja, mbaazi bakuli. Mbaazi zina nyuzi na protini, zinapanda polepole, na ndo kitu kizuri kwenye ile sahani lakini watu wanazifanya mchuzi wa kuchovya. Wali punguza, samaki ongeza, weka kachumbari na mboga. Pojo, kunde, vyote vizuri. Juisi ndo adui yako mkubwa nionavyo, manake glasi ya embe ni maembe mawili yaliyokamuliwa nyuzi zake zikatupwa halafu ikaongezwa sukari juu. Embe lile, litafune, limenye na kisu ama ulinyonye kama mtoto ni wewe. Na mabuyu yale ya rangi nyekundu tunayonunua kwa pakiti, hayo ni sukari imevaa kanzu ya ubuyu, ubuyu wenyewe mkavu ndo wenye vitamini C.

Maziwa: kuna tafiti kadhaa zimeona wanaokunywa maziwa mengi, hasa yale yaliyotolewa mafuta, wana chunusi zaidi, lakini huo ni uhusiano tu, haujathibitisha kwamba maziwa ndo yanayoleta. Chai yako punguza sukari kwanza, maziwa uangalie baadae. Na @jimu_na_bahari samahani ndugu yangu, wei inatokana na maziwa, na madaktari wameripoti vijana wa jimu wanaotokwa na chunusi mgongoni na kifuani wakianza hio poda, wakiacha zinatulia. Mayai hayo sita sina neno nayo.

jimu_na_bahari:
Hii topiki ilikuwa ya bi harusi mbona nageuzwa mgonjwa mimi

BintiLangoni:
Allah akuweke @LisheMalindi. Kumbe mayai pia naruhusiwa? Na mboga za majani lazima? Na hio kolajeni je, manake rafiki yangu amenipigia leo mara mbili.

LisheMalindi:
Mayai kula. Kolajeni ni protini kama protini nyengine, tumbo halijui kwamba umeinunua kwa ajili ya shavu, linaivunjavunja vipande vipande halafu mwili unavipeleka unakotaka. Kuna tafiti zinasema inasaidia ngozi kidogo kwa unyevu na mikunjo, nyingi zimelipiwa na wenye kuuza, na wewe shida yako si mikunjo ni chunusi. Kwa bei ya mbuzi nunua mbuzi. Mwili unatengeneza kolajeni wake wenyewe ukipata protini na vitamini C, samaki na pera basi. Pera lina vitamini C kuliko chungwa la uzito ule ule mara tatu ama zaidi na ukipita sokoni karibu na ngome yamelala tu hakuna anayeyatazama.

NahodhaMstaafu:
Hapo kwa vitamini C niingie kidogo maana ni habari ya huku kwetu Malindi na watoto hamuijui, mnajua kupigia picha ule mnara wa Vasco da Gama tu. Yule mtu alipotoka Bara Hindi kurudi, pepo zikamkatalia, akakaa baharini karibu miezi mitatu kuvuka. Chakula chao ni biskuti kavu na nyama ya chumvi. Mabaharia wake wakaingiwa na kiseyeye, fizi zimevimba zimefunika meno, miguu imefura, wakafa kama 30 kwenye kuvuka kule. Walipofika Malindi Januari 1499 kitu cha kwanza walichotuma mtu pwani kukitafuta si dhahabu, ni machungwa. Wagonjwa walikuwa wanayalilia.

Na kiseyeye ni ugonjwa wa ngozi vile vile. Mtu ana kovu la jeraha la miaka kumi nyuma, lilishapona likasahaulika, akikosa vitamini C lile kovu linafunguka tena. Maana ngozi si ukuta wa matumbawe ukijenga umejenga, kila siku inashonwa upya, ukikosa uzi inafumuka.

Na sisi tulipokuwa wadogo baba alikuwa anatunywesha kijiko cha mafuta ya ini la papa. Ngozi zetu zilikuwa zinateleza. Mafuta hayo hayo ya sifa ndo tulikuwa tunapaka jahazi lisile mnyoo wala lisipasuke na jua, kwa hivyo tulikuwa tunapakwa nje na ndani mtoto na chombo pamoja. Harufu yake wallahi mpaka leo nikiifikiria.

BiMkubwa_Mkomani:
Ile harufu haimtoki mtu hata akioga Ijumaa tatu.

LisheMalindi:
@NahodhaMstaafu kisa kizuri sana, lakini kijiko cha ini la papa simshauri bi harusi. Ini la papa limejaa vitamini A, ngozi inaihitaji kweli, ukiikosa ngozi inakuwa kavu yenye vipele kama ya chura, ila ile ya kwenye maini na vidonge ikizidi mwili hauimwagi, unaiweka, na mwanamke akishika mimba ikiwa imezidi inaweza kumdhuru mtoto tumboni. Na mtu anayeolewa wiki kumi na mbili zijazo, well, tunamuombea kheri. Vitamini A ya mboga na matunda haina shida hio, mwili unageuza kiasi unachotaka. Ukizidisha karoti na papai utageuka viganja vya manjano tu halafu yanapotea.

Ndo nikafika kwenye mboga za majani. Ndio lazima kidogo 😅 mchicha, kisamvu, majani ya kunde. Pika na nazi, manake vitamini A inataka mafuta kidogo ndo iingie mwilini, nazi tena hapo anashinda kesi. Mboga usiichemshe mpaka ikalie, vitamini C inakufa kwa moto.

Mkaa_Gede:
Mtsunga hamjautaja. Sisi Wagiriama tunaula na sima na samaki mkavu toka tumezaliwa. Mchungu lakini ukiuzoea mchicha unaona kama majani ya ng'ombe. Bibi yangu ana miaka themanini na kitu shavu lake hata mwana wangu hana.
Ila pia bibi yangu hajawahi kula keki kwa hivyo sijui ni mtsunga ama ni nini

msusi_wa_Barani:
Na mimi niulize, huo mtsunga na mwarobaini si ndo kusafisha damu kwenyewe? manake ni vichungu vyote

LisheMalindi:
Mtsunga ni mboga, unaliwa kama mboga una madini yake na nyuzi zake, mzuri. Lakini damu chafu kwa maana ile tunayoambiwa haipo, damu inasafishwa na ini na figo saa ishirini na nne bila likizo, na hazijui kichungu wala kitamu. Mwarobaini wa kunywa mwingi unaweza kuliumiza ini lenyewe na watoto wadogo wameshaumizwa na mafuta yake. Shangazi mwambie umenywa, mwaga kwenye sinki, Mungu atakusamehe.

BiMkubwa_Mkomani:
Huyu daktari wa lishe afundisha watoto kudanganya shangazi zao.

LisheMalindi:
Si daktari bi mkubwa 🙏

mama_wawili_Malindi:
Mimi shida yangu si chunusi, ni mwanangu wa miaka miwili ana pumu ya ngozi, viwiko na nyuma ya magoti imekauka anajikuna mpaka damu. Nimeambiwa nimuachishe mayai, maziwa, samaki na njugu zote. Nimuachishe?

LisheMalindi:
Usimuachishe vyote kwa maneno ya watu tafadhali mamangu. Mtoto wa miaka miwili ukimtoa mayai, maziwa na samaki pamoja anabaki na nini, atakonda akose na kukua. Watoto wengine kweli wana mzio wa kitu fulani lakini hicho kinatafutwa na daktari, kimoja kimoja. Kwa sasa mpake mafuta mazito yasiyo na harufu akitoka tu kuoga ngozi ikiwa bado mbichi, sabuni kali acha, na maji yetu haya ya chumvi kama unaweza msuuze mwisho na maji matamu hata kopo moja. Halafu mpeleke kliniki.

mama_wawili_Malindi:
Ahsante. Ntampeleka Jumatatu.

msusi_wa_Barani:
@BintiLangoni unapaka nini usoni? Hilo hakuna aliyeuliza mpaka sasa na mimi ndo kazi yangu kuuliza

BintiLangoni:
Naosha na sabuni ya kawaida. Usiku mafuta ya nazi, mama anakamua mwenyewe nyumbani, napaka mengi nalala nayo ngozi isikauke. Tangu Ramadhan, manake mfungoni ngozi ilikuwa inakauka.

msusi_wa_Barani:
SUBHANALLAH. Tangu Ramadhan. Na chunusi tangu lini?

BintiLangoni:
...tangu Ramadhan

LisheMalindi:
Hahahaha kesi imefunguliwa upya. Msusi una haki ya mshahara wangu. Nazi ndani ya chungu haina hatia, nazi usoni ni habari nyengine. Mafuta ya nazi yanaziba vinyweleo vibaya sana kwa watu wenye ngozi ya chunusi, hasa ukilala nayo kwenye joto hili letu. Nywele paka, miguu paka, uso acha kuanzia leo usiku. Ikikauka tafuta losheni nyepesi iliyoandikwa haizibi vinyweleo.

Kwa hivyo mamako alisema nazi, na alikuwa sawa, ila alishika chungu badala ya chupa.

BintiLangoni:
Jamani nilie ama nicheke. Nimemsomea mama hii, amesema "niliwaambia".

kaka_wa_Mokowe:
Na kukaanga je? Dada yangu anauza bhajia na viazi karai, chunusi zimemjaa na yeye mwenyewe anasema hata hali bhajia zake amezichoka

LisheMalindi:
Mafuta unayokula hayasafiri kutoka tumboni yakatokea shavuni, hio ni imani tu. Lakini anayesimama juu ya karai masaa sita, mvuke wa mafuta unamganda usoni unachanganyika na jasho, hio inaweza kuziba vinyweleo. Aoshe uso akimaliza kazi na asijipanguse na ile leso ya karai.

Nimalizie yangu @BintiLangoni. Samaki: wale wadogo wenye mafuta, una, simsim, dagaa, mara mbili tatu kwa wiki, wana mafuta ya omega-3 ambayo yanapunguza uvimbe mwilini, na wadogo hawajabeba zebaki kama papa na nduwaro, hilo ni muhimu kwa mwanamke anayetarajia kuzaa. Zinki iko kwenye chaza, nyama, mbegu za boga. Korosho na simsim ya mbegu Lamu mnayo tele. Maji kunywa kwa kiu na mkojo wako uwe wa rangi nyepesi, hakuna lita za miujiza, mtu aliyeshiba maji akiongeza lita mbili anaongeza safari za choo tu. Vidonge vya "nywele ngozi na kucha" kaa navyo mbali, vingi vimejaa vitamini B12 na kwa watu wengine B12 nyingi inachochea chunusi, na biotini, vitamini nyengine iliyomo humo, ikiwa nyingi inavuruga majibu ya vipimo vya damu hospitali.

Krimu isiyo na maandishi umefanya vizuri kuikimbia. Nyingi za kung'arisha zina zebaki ama dawa kali za steroidi, zebaki inakula figo, steroidi inakufanya ung'ae wiki mbili halafu ukiacha uso unalipuka. Na chakula pekee zile za ndani zinazouma kisikudanganye kwamba kitamaliza. Nenda kwa daktari ama kemisti anayeeleweka aangalie, kuna jeli ya benzoili peroksaidi si ghali, inafanya kazi na inatia madoa meupe kwenye foronya na buibui kwa hivyo angalia. Ukiacha hizo za ndani ukazibinya zitaacha mashimo ambayo hakuna chakula kitakachoyajaza. Na kama siku zako zinaruka ruka mwambie daktari, kidevu kikijaa hivyo wakati mwengine ni homoni za kike.

BintiLangoni:
Siku zangu ziko sawa alhamdulillah. Naanza kesho. Hamri moja 😭

mwana_wa_Shela:
Hamri moja Lamu ni adhabu ya kifungo

BintiLangoni:
Nimerudi, leo wiki ya saba. Niwaambie. Mafuta ya nazi usoni niliacha usiku ule ule, na wiki mbili za kwanza sikuona kitu, tena zilitoka mbili mpya nikataka kuacha yote nikale kaimati. Nilienda kwa daktari akanipa ile jeli, nikaunguza foronya mbili za harusi za mama, mpya, hatukusemezana siku nzima. Wiki ya nne vile vipele vya paji vikapotea, nadhani hivyo vilikuwa vya nazi. Zile za ndani zimebaki mbili tu za kidevu haziumi. Madoa bado yapo, meusi, daktari kasema yanataka miezi na nijikinge na jua.

Chakula nimejaribu. Juisi nimeacha kabisa nakula tunda, chai kijiko kimoja, mahamri nasema ukweli ni mawili sio moja. Ijumaa halua kidogo, sikuacha sitaacha. Una tumewala mpaka babangu ameuliza kama changu wameisha baharini. Mboga nimezoea ya nazi, mchicha nasikia vizuri sasa, mtsunga nilitumiwa na rafiki toka Malindi nikautema. Na kulala, orodha ya wageni nimemkabidhi dada yangu, Allah amsaidie.

Sasa sijui ni jeli, ni nazi, ni sukari ama ni usingizi. Jirani anasema zimepungua kwa sababu niliacha mayai. Sikuacha hata siku moja.

BiMkubwa_Mkomani:
Mashallah. Na singo umeshaagiza? Usinunue ya pakiti, ndoo nyumbani Jumamosi nitakutwangia. Ya mwili tu, uso wako tusiuguse.

jimu_na_bahari:
Niliacha wei wiki tatu. Mgongo umepoa kidogo. Inaweza kuwa ni ile fulana mpya pia

msusi_wa_Barani:
Kidogo tu eeh 😂

kaka_wa_Mokowe:
Hao una mnapata wapi asubuhi? Mimi nikifika sokoni saa mbili wameisha